Barua ya wazi kwa vijana wanaosomea saikolojia Mwanza

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaosomea saikolojia, ualimu na ustawi wa jamii katika vyuo vyetu, kuanzia Malimbe hadi Butimba. Nawaandikia kwa sababu ya kauli ninayoisikia mno katika semina za wazazi na vipindi vya redio: «utafiti umeonyesha». Ikishatamkwa, mzazi hunyamaza, mwalimu hubadili namna ya kumrudi mtoto, na binti mwenye huzuni hubandikwa jina la ugonjwa ambalo litamfuata miaka mingi. Dai lenye nguvu kiasi hicho halina budi kuhojiwa kabla halijatoka darasani.

Nianze na jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza kutoa elimu ya afya ya uzazi katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza. Zilihusishwa jamii 20, ambapo 10 zilipata mafunzo na 10 zikawa za kulinganishia. Vijana waliofundishwa walijibu vizuri: maarifa yao yalikuwa yamepanda, na mitazamo waliyoieleza ilikuwa ile iliyotarajiwa. Lau watafiti wangeishia kwenye dodoso, tungetangaziwa ushindi. Lakini walichukua pia vipimo vya maabara, na vipimo hivyo havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yamepungua. Tena walilinganisha njia mbalimbali za kuwahoji vijana, wakakuta wapo waliosema hawajawahi kujamiiana ilhali vipimo vya mwili vilionyesha vinginevyo. Nawaheshimu sana kwa kuyachapisha hayo yote.

Hapo ndipo swali la uhalali, yaani kama kipimo kinapima kweli kile kinachodaiwa kupimwa, linapokaa, nanyi mlitafakari kwa utulivu. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za Usukumani, akikaa mbele ya mgeni mwenye kalamu na karatasi, hutoa jibu linalomlinda yeye na wazazi wake. Dodoso hilo linapima kile ambacho kijana yuko tayari kukisema mbele ya mtu mzima asiyemjua. Hayo ni maarifa yenye faida, ila si sawa na kujua anachokifanya, na wala hesabu za kompyuta, hata zikiwa za hali ya juu namna gani, haziwezi kuziba pengo hilo baadaye.

Baada ya kuuliza kilichopimwa, ulizeni kilipimwa kwa nani. Mnapenda kuwasimulia wazazi jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo mtoto aliyeweza kungoja bila kula peremende laini iliyo mbele yake aliongezewa ya pili, na aliyengoja muda mrefu alionekana baadaye kufanya vizuri zaidi shuleni. Watoto wale walitoka katika shule ya awali ya chuo hicho. Mwaka 2018 watafiti wengine walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina nyingi zaidi: uhusiano ule ulipungua kwa takribani nusu, na hali ya nyumbani ilipozingatiwa ukapungua zaidi. Kwingineko, watoto wa kabila la Wanso wa Kameruni walingoja zaidi kuliko wenzao wa Ujerumani. Basi mtoto wa Igogo, hapa mjini Mwanza, anayekula haraka huenda anajua kwamba sahani ya familia kubwa haisubiri mtu. Kumwambia mama yake kwamba mwanawe hatafanikiwa ni kumdhulumu.

Mwaka 2015 ilitangazwa kazi ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 za tafiti za mwanzo zilikuwa zimeripoti matokeo yenye umaana wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kutokea kwa bahati tu. Katika marudio zilikuwa asilimia 36 tu. Sampuli ndogo, kuchambua takwimu kwa njia nyingi hadi moja ikubali, na majarida kupenda matokeo ya kuvutia, yote yanachangia hali hiyo. Msiseme kwa sababu hiyo kwamba saikolojia nzima ni uongo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye peke yake, akachapisha mwaka 1885, na mkunjo wake wa kusahau, yaani mchoro unaoonyesha jinsi tunavyosahau kadiri muda unavyopita, ulipojaribiwa upya ukapatikana tena katika chapisho la 2015. Uchache wa watu haukumwangusha, kwa kuwa alijipima mara nyingi mno, tena kwa utaratibu ulio wazi, hata mwingine akaweza kuurudia.

Nanyi mnaojiandaa kwenda Magu, Misungwi au Ukerewe kukusanya takwimu, andikeni nadharia tete, yaani kile mnachotarajia kukikuta, na namna mtakavyochambua kabla ya kuondoka, mkamwachie msimamizi nakala yenye tarehe. Lijaribuni dodoso kwa vijana wachache wa huko huko, kisha wakae nanyi wawaeleze walielewa nini katika kila swali. Mkirudi na kukuta mlichokitegemea hakikuonekana, kiandikeni hivyo hivyo katika sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, wala msiwagawe wahojiwa vikundi vikundi mkitafuta kile kitakachowakubalia.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Mwanza