Dodoma iwaachie wasanii kivuli, ua na majabali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sijalisikia likipewa uzito katika mijadala ya ujenzi wa makao makuu yetu. Tunazungumza sana juu ya barabara, viwanja na ofisi, na ni haki yetu kufanya hivyo. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama majengo tunayoyainua yanampa mchoraji, mwimbaji au mpiga zeze mahali pa kufanyia kazi yake, na kama mandhari tunayoyabadilisha yataendelea kumwamsha fikra.

Kwamba mahali huzaa sanaa, mkoa huu unao ushahidi wa miaka mingi. Huko Kolo, Kondoa, wachoraji wa kale walichora watu na wanyama kwa rangi nyekundu chini ya majabali yaliyochomoza mbele kama upenu. Jabali lilelile lililowapa ukuta wa kuchorea ndilo lililowakinga jua na mvua, na ndilo lililozitunza picha hizo hadi UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kama pasingekuwa na mawe ya namna ile, naamini leo tusingekuwa na michoro ile.

Nyumba ya tembe ya Wagogo nayo inastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, na paa lake ni bapa: magogo hulazwa juu ya nguzo, fito hupangwa juu ya magogo, kisha hushindiliwa udongo unaozuia joto la mchana lisipenye upesi. Vyumba huzunguka ua, na ndani ya ua huo ng'ombe hulala. Anayepita barabarani huona makazi ya mtu aliyekosa bati, lakini mimi kila ninapoingia katika ua wa namna hiyo naona ukumbi. Pana uwanja, pana kuta za kurudisha sauti, na watu wa nyumba zote hutazamana. Muziki wa Kigogo, ambao sauti nyingi huitikiana na kupishana kwa wakati mmoja, haunishangazi kuwa umestawi kwa watu waliojenga hivyo. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu, aliupeleka muziki huo pamoja na zeze na marimba hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na huko ulisikilizwa kwa heshima kubwa.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Mpango Kabambe wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulitaka mji ufuate umbo la ardhi, watu waweze kutembea kwa miguu, na majengo yasishindane na vilima kwa urefu. Mengi ya mpango ule hayakutimia, lakini fikra hiyo ilikuwa njema na bado inatufaa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, ujenzi umeongezeka na mji umepata sura mpya, jambo ninalolifurahia kama mkazi. Wasiwasi wangu ni yale majengo yaliyofunikwa vioo kuanzia chini hadi juu, yasiyo na baraza wala upenu, ambayo mwezi wa Oktoba hayakaliki bila kiyoyozi, na ambayo mpita njia hana pa kusimama mbele yake. Watu huvuka barabara wakajibanza chini ya mwarobaini, na mazungumzo yote huhamia huko.

Mimi ni mwalimu wa sanaa. Ninapowaambia wanafunzi wachore nyumba nzuri, wengi huchora ghorofa la vioo lisilo na hata mti mmoja, na humaliza kwa dakika chache. Ninapowapeleka kwenye majabali ya kilima kilicho jirani, watoto walewale hukaa kimya, wakihangaika na namna kivuli kinavyoteremka juu ya jiwe, jinsi rangi ya kijivu inavyogeuka kuwa ya waridi jua linapoinama, na jinsi mti ulivyojipenyeza katika ufa mwembamba. Kazi wanazorudi nazo hapo hazifanani, ilhali yale maghorofa hufanana yote.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Jiji iyalinde majabali yaliyomo ndani ya mji yasipasuliwe yote kuwa kokoto, na iweke wazi ni vilima vipi visivyojengwa. Nawaomba wasanifu majengo wanaopewa kazi za umma waichunguze tembe: unene wa kuta zake, kimo chake na ua wake, wasiishie kuchora nakshi za Kigogo kwenye lango la kuingilia. Na kila shule na soko jipya litakalojengwa, tangu Mtumba hadi Nala, liwe na ua wenye miti na sakafu ya kutosha ngoma ya muheme, uliochorwa kwenye ramani kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwa sababu kiwanja kinachoachwa kwa ahadi ya baadaye huishia kuwa maegesho ya magari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa sanaa,
Kikuyu, Dodoma