Kwa shoga yangu, kuhusu ukuta wa Mzee

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Habari za Dar, watoto, na ule mguu? Huku wazima, mvua imekata, kusi imeanza kuvuma. Nisamehe kwa kimya, tangu matanga hatujaandikiana. Nimeshika kalamu kwa sababu moja: wanataka kuupaka rangi ukuta wa Mzee, ule wa shuleni wenye picha alizozichora.

Wana nia njema, hapo ndipo pagumu. Arobaini ya Da' Mkubwa, bintiye Mzee, imekwisha, watu wamechanga, na sasa ndoo nne za rangi ya mafuta na mifuko sita ya saruji imelazwa darasani, eti picha za babake zing'ae ili kumuenzi binti. Kumuenzi! Mtu aliyeshinda akiwafukuza wenye brashi, leo anazawadiwa brashi.

Wewe ndiye wanayekusikiliza, basi waeleze hivi. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, na chini hauna kizuizi cha unyevu. Unanyonya maji ya ardhini, na maji hayo lazima yatoke kupitia lipu. Ukiuvika rangi ya mafuta umeuziba pumzi. Chumvi inayokuja na maji inaganda nyuma ya rangi, inavimba, inasukuma, na rangi ikibanduka inaondoka na picha. Saruji nayo ni ngumu kuliko jirani zake: maji yanaikwepa, yanatokea pembeni, chokaa ya pembeni inageuka unga. Unakumbuka kiraka cha saruji pale miguuni pa wale wavuvi, karibu na bomba? Kiraka kizima kama siku ya kwanza, mguu wa mvuvi ndiyo umekwenda. Da' Mkubwa alikataa kukibandua. Alikuwa akimpeleka pale kila fundi mpya, anamwambia atie kidole pembeni. Hakuongeza neno.

Baba Zuhura ananijibu kwamba kiwanda cha saruji kipo hapahapa Mtwara, kwa nini tuhangaike na chokaa? Nimemwambia hata bahari ipo hapahapa, lakini chai hatupikii maji yake.

Msibani wamemsifia mkono wake, kwamba alichora kama babake. Shoga, hakuchora! Palipotoka rangi alitia rangi moja tu, tulivu, iliyofifia kidogo kuliko ya Mzee, ili ukisogea uone mkono wa nani uko wapi. Na kilichouokoa ukuta ni koleo: alishusha udongo wa nje ukawa shibiri nzima chini ya sakafu, akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali, akasimamia mabati yawekewe mtaro. Hilo hakuna aliyelisema kwenye maombolezo, maana mfereji haupigiwi picha.

Kazi ya mwaka huu ingekuwa hii, na wakati wake ndio sasa, mvua ikiisha. Kwanza kugonga kwa kifundo cha kidole, shibiri kwa shibiri. Palipo na mlio wa mtungi mtupu lipu imeachana na jiwe, hapo unazungushia chaki. Usiponde, lipu bado ina picha juu yake. Unapitisha maji kwa bomba la sindano mpaka ndani palowe, kisha unasukumia uji wa chokaa uliochanganywa na unga laini wa tofali la kuchoma, uliopita kwenye kitambaa. Unga wa tofali usiachwe, kwa sababu chokaa tupu hukauka kwa hewa, na kule nyuma hewa haifiki, itabaki uji. Halafu unakandamiza kwa ubao wenye kipande cha godoro, unaegemeza mti, unalaza usiku mmoja.

Mashimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa mtoni, si wa ufukweni. Ukiulamba ukakuta chumvi, osha tena. Chokaa iwe imezimwa na kukaa chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Na wakati wa kuizima, chokaa ndiyo inaingia majini kidogo kidogo. Ukiimwagia maji inakurukia machoni. Kiraka kifunikwe gunia bichi siku saba, hasa sasa na huu upepo. Kikikauka haraka kinapasuka kama tope la bwawani.

Ule ukungu mweupe wa chumvi unafagiliwa mkavu kwanza. Unaobaki unabandikiwa karatasi ya chooni iliyolowekwa maji yaliyokenekwa, inaachwa ikauke yenyewe, inabanduliwa, inarudiwa. Maji hayo yanauzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Mwambie kijana muuzaji neno kwa neno, asije akampa mtu asidi. Asidi inakula chokaa, picha yote itatoa povu.

Kilichonikwamisha ni bluu. Nyekundu ni udongo wetu, nyeusi ni makaa ya kusaga, lakini bluu ya bahari sijui Mzee aliipata vipi, na Da' Mkubwa alikuwa nayo kwenye lile daftari la kaki. Kuna bluu ya kufulia inayostahimili chokaa, na kuna nyingine inageuka hudhurungi baada ya siku chache. Nimepaka vigae vitatu, kimoja kimeshaharibika. Daftari si ulilichukua wewe na zile nguo?

Nimewaza pia kumwita fundi kutoka Kilwa. Magofu ya Kisiwani yaliondolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014, baada ya kukaa humo miaka kumi, na kule wapo wanaoijua chokaa kweli. Ila fundi anataka nauli, na mchango wote umekuwa rangi ya mafuta. Labda duka litairudisha? Mifuko ya saruji mimi nimeshaipatia kazi, sakafu ya vyoo vya wavulana. Kule hata Da' Mkubwa asingegomba.

Sasa niambie. Daftari unalo? Ukurasa wa bluu unasomeka, au ule mwandiko wake wa daktari? Utampigia Mwalimu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo wamepanga kuanza? Zile picha ulizopiga kabla mvuvi hajakatika mguu, bado zipo kwenye simu ya zamani? Na yule mjukuu, kweli ana hamu ya kujifunza, au alisema vile kwa sababu ya msiba? Na mguu, umeupeleka hospitali au bado unaukanda kwa karafuu?

Daftari mpe konda wa basi la alfajiri, ndani ya mfuko wa plastiki, lisiwekwe karibu na dagaa.

Shoga yako