Barua kwa Mama Ouma

Kirumba, Mwanza

Mama Ouma, shoga yangu,

Habari za Kisumu? Huku hatujambo, ila joto na umeme unaokatika ukiwa umeshika pasi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka mwanetu Ouma, Mluo anayeishi Eldoret kwenye Wakalenjin wengi, aache kazi arudi nyumbani kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kwa kuogopa fujo za kikabila. Halafu ukamalizia kwamba sisi Watanzania tuna bahati, hatujui ukabila. Hilo la kwanza nimelielewa, mimi pia ni mama. La bahati nalikataa.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mzanaki wa Butiama, kabila dogo; kwa kura za kwao peke yake asingefika popote. Kwa hiyo alihitaji watu wa kila upande, na mambo yakapangwa kufuata hitaji hilo. Uchifu ukaondolewa mapema. Watoto wa sekondari wakatawanywa: mimi Msukuma wa Magu nilipangiwa kidato cha tano Songea, kitanda cha chini akalala Mmakonde aliyekuwa ananicheka nikiongea. Sensa yetu haikuulizi kabila. Yenu ya 2019 ilitoa idadi kabila kwa kabila, na wanasiasa wakapata hesabu za kujumlisha. Na vyama vingi viliporudi 1992, sheria ilikataa chama cha kabila, cha dini au cha upande mmoja wa nchi. Gharama zilikuwepo, sikufichi: miaka mingi ya chama kimoja, na wabishi kuwekwa ndani.

Na wala hatujapona. Magufuli alipofariki Machi 2021, ghafla mitandaoni ikawa "Sukuma Gang" hivi, "Sukuma Gang" vile, jina walilopewa wakubwa waliodaiwa kuwa watu wake. Mimi ninayeuza dagaa soko la Mwaloni nikajikuta nimo kwenye genge la wakubwa ambalo sijawahi kuonja hata soda yao! Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu. Watu walikufa, intaneti ikazimwa, na kabila halikuhusika hata kidogo. Mengine hayaandikiki. Ninachotaka ujue ni kwamba nchi inaweza kuumizana bila ukabila, kwa hiyo usituonee wivu sana.

Sasa kwenu. Hebu kumbuka nani alikuwa na nani. Uchaguzi wa 2007 Wakalenjin wengi walikuwa na Waluo nyuma ya Raila Odinga, Wakikuyu wakiwa na Rais Kibaki, na baada ya matokeo watu zaidi ya 1,100 wakauawa, wengine laki kadhaa wakahama makwao. Kanisa la Kiambaa, huko huko Eldoret, likachomwa siku ya mwaka mpya na watu wakiwa ndani. Baada ya miaka mitano, Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wakapanda jukwaa moja, na Wakikuyu na Wakalenjin wakapiga kura upande mmoja. Ikaja 2022, Uhuru akamuunga mkono Raila, Wakikuyu wengi wakaenda kwa Ruto. Mwaka 2024 watu wa Raila wakaingia serikali ya Ruto. Mama Ouma, chuki ya damu gani hiyo inayohama kila wakubwa wakibadilisha viti?

Nisiseme kirahisi, najua kuna ardhi. Mashamba mengi waliyoacha walowezi wa Kizungu Bonde la Ufa, huko iliko Eldoret, yakaenda kwa watu wa kutoka kwingine, na waliojiona wenyeji wakabaki na kinyongo ambacho mwanasiasa hukipuliza kila uchaguzi. Kinyongo cha ardhi hakiondoki kwa viongozi kupeana mikono, iwe 2008 kati ya Kibaki na Raila mbele ya msuluhishi Kofi Annan au Machi 2018 kati ya Uhuru na Raila. Mikono ile ilizima moto, haikurudisha duka la mtu.

Kilichonipa moyo ni Katiba yenu ya 2010. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Pia kaunti lazima zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hiyo hata ambao mtu wao hayupo Ikulu wana zahanati ya kutegemea. Mwanasiasa akihitaji kura ya asiye wa kwao, ulimi unalegea. Asipoihitaji, hata umhubirie undugu mchana kutwa, atakupigia makofi na kuendelea.

Ndiyo maana nasema Ouma ajiandikishe kupiga kura hapo hapo Eldoret. Kila mtu akikimbilia kwao, kila kaunti inabaki na watu wa aina moja, na hapo nani atahangaika kuwabembeleza wageni? Vijana wa rika lake wamekwisha kutuonyesha. Juni 2024 waliingia barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha uliokuwa umepanga hadi kutoza kodi mkate. Wakasema hawana kabila, na Ruto akauondoa siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Wapo waliopigwa risasi, najua. Lakini hukusikia wakiulizana majina ya baba.

Huku Mwaloni juzi Mjita na Mkerewe waligombana kwa sababu gunia la dagaa lilikuwa na mchanga. Mjita akaanza, "Nyie Wakerewe ndivyo mlivyo." Mzee wa mizani akamuuliza mchanga ule ni wa kabila gani, kisha akaagiza gunia lichekechwe mbele ya wote na lipimwe upya. Watu wakacheka, lakini aliyetuliza ugomvi ni mizani.

Sisemi Ouma ajitoe mhanga. Afahamiane na majirani sasa, siyo Julai 2027. Aweke nauli pembeni. Na akiona vikaratasi vya kuwaambia watu fulani wahame, kama vile vilivyosambazwa miaka ile, aondoke siku hiyo hiyo bila kungoja mshahara. Anaweza hata kuvuka Sirari aje kwangu, chumba cha Masanja kiko wazi tangu aende Dodoma.

Baba Ouma najua atapinga yote haya. Mwambie anipigie usiku, salio la kubishana ninalo.

Wako,
Mama Masanja