Mama, friji haikuwa mbovu

Leicester, Uingereza
Jumapili, 7 Desemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, baridi tu ndiyo sijaizoea na sidhani kama nitaizoea. Salimu, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Msomee Mama polepole, usiruke kitu, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Mama hunisamehe kabla sijamaliza kusema.

Mama, friji haikuwa mbovu, na gesi haikupungua. Yule fundi alijaza gesi kwenye friji isiyo na kosa, na ile elfu sitini uliyomlipa ndiyo iliyozidi kwenye hela ya mwezi niliyotuma jana, usidhani nimekosea kuhesabu. Aliyekuwa akizuia askrimu zako zisigande ni mimi, nikiwa nimelala huku.

Unazikumbuka zile plagi janja nyeupe tatu nilizokuja nazo Julai, ya friji, ya TV na ya taa ya dirishani. Uliziona zinaingia kwenye soketi zetu bila adapta ukadhani nimezinunua Barabara ya 12. Ni kwamba soketi za pini tatu bapa tumerithi kwa hawa Waingereza, na umeme wa huku ni volti 230 kama wa huko, ndiyo maana kitu cha Leicester kinafanya kazi Tanga bila matata. Shangazi akimwomba mwanawe wa Marekani amletee kama hizi, mwambieni asihangaike. Kule umeme ni volti 120 na pini zao ni nyingine kabisa.

Plagi yenyewe kazi yake si kubwa. Inakaa kati ya soketi ya ukutani na waya wa kifaa, na ndani yake mna swichi ndogo, ule mlio wa "tak" uliokuwa ukikushtua. Swichi ya ukutani inangoja kidole. Hii inangoja habari kupitia waifai. Nikibonyeza simu yangu huku, amri inapita kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza plagi, zinaipeleka kwa ruta yetu pale juu ya kabati la vyombo, ruta inaitupia plagi, tak. Sekunde moja au mbili. Ni sawa na kumtuma mtoto akazime taa, ila mtoto huyu hachoki wala habishi, na ubaya wake ni kwamba haangalii. Mtoto wa kweli ungemtuma azime friji angefungua mlango kwanza, akakuta vikombe vya ubuyu bado maji, angerudi kuuliza: Bibi, na askrimu je?

Sasa nikueleze nilivyoingiwa na wazimu huo. Mwenye nyumba wetu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Walitoka Uganda 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, wakaja Leicester kama maelfu ya wenzao, na hadi leo akinikuta ngazini ananiambia "Habari ya asubuhi, kijana", hata kama ni jioni. Mzee huyu ni bahili wa umeme aliyekubuhu. Nyumba yake ina mita ya bei mbili, mpango wa tangu 1978 unaoitwa Economy 7: kwa saa 7 za usiku umeme ni nafuu, mchana ni ghali. Basi kaweka plagi janja kwenye mashine ya kunyonya unyevu iliyopo koridoni, inajiwasha usiku wa manane na kujizima alfajiri, naye anatuonyesha kwenye simu senti alizookoa kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Nikamwona mjanja. Ikanikaa kichwani kwamba mtu hodari huupangia umeme wake saa.

Nikaja nyumbani na ujanja wa watu. Nikakuta unalalamika kwamba tangu uanze biashara ya askrimu umevuka zile uniti 75 za mwezi, na bei nafuu ya wenye matumizi madogo imekuponyoka. Sikukuambia kitu. Niliporudi huku, mwezi wa tisa, nikaipangia plagi ya friji: zima saa tano usiku, washa saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Nikajipongeza, nikalala.

Makosa yamo matatu, na yote ningeyajua kwa kuuliza swali moja. LUKU, ile mita ya nyumbani kwetu ya umeme wa kulipia kabla, haina bei ya usiku wala ya mchana, uniti ni uniti. Pili, friji ukiizima haikuachii ule umeme, inakudai. Ikiwashwa alfajiri, kompresa inanguruma muda mrefu kurudisha ubaridi uliotoroka. Baada ya Salimu kunifungua macho nilipima kijifriji changu cha hapa kwa plagi yenye mita: wiki niliyoizima usiku na wiki niliyoiacha hazikutofautiana hata uniti moja. Na tatu, Mama, lile linaloniuma: wewe unapanga vikombe baada ya isha ili vigande usiku na watoto wa shule wavikute asubuhi. Saa zile zile. Ningekuwa na nia mbaya nisingeweza kuchagua saa mbaya zaidi.

Salimu ndiye aliyegundua, kwa kuamka kunywa maji saa nane akaona kitaa cha plagi kimezima na friji kimya. Akaibonyeza kwa mkono, ikawaka. Kesho yake akakuta imezima tena. Akanipigia kwa sauti ya chini kama mtu anayeripoti mwizi. Wiki sita, Mama, ulikuwa unawaambia wateja wako friji imezeeka.

Na kwa kuwa nimeshaanza, usiku ule TV ilipokatika katikati ya tamthilia, ukasema umeme hauna adabu, ni mimi pia. Niliona kwenye simu kwamba inawaka hadi saa sita nikadhani mmelala mmeisahau. Sikujua kwamba alikuwapo mama mkwe wa Salimu.

Sasa mambo ya kufanya, na hapa Salimu ndiye nasema naye. Friji itoe kabisa kwenye plagi janja. Irudishe kwenye ile kinga ya friji ya zamani, inayosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuiruhusu iwake. Kompresa inahitaji subira hiyo, na plagi yangu haina. Tena ina tabia nyingine ambayo sikuichunga: umeme ukikatika na kurudi, inaweza kurudi ikiwa imewasha, imezima, au vile ilivyokuwa, kutegemea ulivyoichagulia. Kwa taa si neno. Kwa friji, umeme ukicheza Ijumaa usiku mtagundua Jumamosi kwa harufu ya samaki.

Plagi ya TV nimeifuta kwenye simu yangu. Ukiitaka kwa simu yako, bonyeza kitufe chake kama sekunde tano hadi kitaa kianze kumemeteka haraka, kisha iongeze kwenye programu kama kitu kipya. Ikikataa, usiilaani. Angalia simu yako iko kwenye waifai ipi. Ruta uliyonunua inatoa mbili, ya 2.4 na ya 5, na plagi nyingi za aina hii husikia ya 2.4 tu. Ndiyo hiyo hiyo inayopenya kuta zetu za matofali vizuri zaidi, kwa hiyo hujapoteza kitu. Na ukibadilisha nywila ya waifai, kama ulivyofanya kuwakomesha vijana wa jirani, kumbuka umezifungia nje na plagi. Itabidi uziingize upya.

Usichomeke kwenye plagi hizi hata siku moja jagi la umeme, pasi wala jiko la umeme. Nakuomba kwa herufi kubwa ingawa sijaziandika. Zimeandikwa ampea 10, yaani wati 2,300 kwa umeme wetu, na nyingine za huku zinafika 13. Majagi mengi ya Kiingereza ni wati 3,000. Hata ile ya 13 inakuwa imefika ukomo wake kwa jagi moja, ije kuwa hita inayokaa saa tatu mfululizo. Mpangaji mwenzangu alichomeka hita kwenye plagi ya chumbani ili akute chumba kina joto akirudi kutoka kazini. Alichokuta ni plastiki iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa na harufu iliyokaa ngazini siku mbili. Na hata kama isingeyeyuka, ni akili gani kuwasha kitu cha moto kwenye chumba kisicho na mtu, ukiwa kilomita kumi? Taa, feni, TV, redio, chaja, basi.

Mama, umesinzia? Bado kidogo, na hili la mwisho ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Ni kuhusu taa ya dirishani, ile inayomulika barazani. Mwezi wa tisa uliniambia kila magharibi ikiwaka unasema alhamdulillahi, mwanangu mzima, ndipo unakwenda kutawadha. Ulisema umewaambia hata majirani: kijana wangu ananiwashia taa kutoka Ulaya. Nami nikanyamaza, nikaacha uendelee kusema hivyo.

Si mimi niliyekuwa naiwasha. Niliiambia plagi siku moja tu, Julai, iwake jua linapozama, na tangu hapo inajiwasha yenyewe. Programu inajua nyumba iko wapi, inapiga hesabu ya jua, inatoa amri. Unakumbuka jioni ile ya kwanza taa ilikuja kuwaka karibu saa tano na nusu usiku, tukacheka, nikasema nimekosea kubonyeza? Sikukosea kubonyeza. Programu ilidhani nyumba yetu iko Leicester, na huku mwezi wa saba jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku. Nikairekebisha kimyakimya. Kwa hiyo siku nilipolazwa na kifua, Oktoba, taa yako iliwaka vilevile kwa wakati wake, ukasema alhamdulillahi, na mimi nilikuwa na mpira wa oksijeni puani. Salimu alijua. Nilimkataza kusema, msimgombeze.

Tangu nitoke hospitali nimekuwa nikiifikiria taa ile. Ni chombo kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini wewe unaisoma kama salamu, na salamu haitumwi na mashine mtu akiwa hajui hata kama imefika. Jana usiku nimeifuta ile ratiba. Kuanzia kesho nitaiwasha mwenyewe, kwa kidole.

Inawezekana, nimeangalia. Ghalani ninakofanya kazi simu zinafungiwa makabatini, ila mapumziko ya chai ni saa tisa na nusu alasiri, na saa tisa na nusu ya huku sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu ya Tanga. Jua lenu ndiyo kwanza limezama. La kwetu hapa linafuata kabla ya saa kumi kamili, maana Desemba siku za huku ni fupi kama usingizi wa mlinzi. Nimeshangaa kugundua hivyo: Julai nakaa na mchana saa tano nzima baada yenu kuingia gizani, lakini mwezi huu magharibi yangu na yako yanapishana kwa chini ya nusu saa. Nitakuwa nimesimama kwenye dirisha la kantini, nje kunaingia giza, nabonyeza.

Mwisho wa Machi wanasogeza saa mbele, mapumziko yangu yatakuja saa moja kabla ya magharibi yako. Nitamwomba msimamizi, au taa itawaka jua likiwapo na majirani watasema mnaharibu uniti. Tutaona.

Nisalimie Shangazi na wa Barabara ya 12 wote. Watoto wa shule waambie askrimu zimerudi kuganda, na wa kwanza kumi wape bure kwa hesabu yangu.

Taa ikichelewa, Mama, ujue foleni ya mashine ya chai ni ndefu. Ikipita isha haijawaka, mtume kwanza Salimu aangalie kama bando la ruta limeisha. Likiwa lipo, nipigie.

Mwanao,
Bakari