Kabla hujanunua antena ya ruta, chungulia sindano

Mhariri,

Antena za ruta zenye maandishi ya "12 dBi" (kipimo, kwa desibeli, cha jinsi antena inavyoelekeza mawimbi) zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya simu Kariakoo na kwenye kurasa za biashara mitandaoni, zikinadiwa kuwa dawa ya waifai isiyofika chumbani. Zipo zinazosaidia kweli. Lakini nyingi huishia kwenye droo, kwa sababu mnunuzi hakuelezwa mambo ambayo muuzaji angeyamaliza kwa dakika mbili. Tunaomba nafasi tuyaeleze sisi.

Kwanza, ujue antena unayotaka kuifunga inafanya kazi gani. Ruta nyingi za 4G zinazotumia laini ya simu zina matundu mawili nyuma, yamezibwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki. Matundu yale ni ya mnara wa kampuni ya simu, hayahusiki na waifai. Ukifunga antena pale, ruta inaweza kuusoma mnara vizuri zaidi na kasi ikapanda, ila simu iliyoko chumba cha mwisho itabaki na mstari wake mmoja, maana antena za waifai zimo ndani ya boksi. Baadhi ya ruta hizo hazitumii kabisa antena mpya mpaka uingie kwenye mipangilio uchague antena ya nje. Ruta za faiba nazo, nyingi zina antena zinazozunguka lakini hazifunguki. Usizilazimishe, kuna waya mwembamba ndani unaokatika. Antena inayofunguka ina nati ya rangi ya dhahabu shingoni, na hulegea kwa vidole tu. Zima ruta kabla ya kuifungua.

Pili ni sindano, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna vichwa vya aina mbili vinavyofanana kwa umbo: SMA na RP-SMA. Tundu la waifai kwenye ruta kwa kawaida ni RP-SMA: hesi ziko nje, na katikati kuna sindano. Antena yake inatakiwa iwe na kitundu katikati. Tundu la 4G kwa kawaida ni SMA, mambo yake ni kinyume: lenyewe lina kitundu, antena ndiyo yenye sindano. Ubaya ni kwamba hesi zake ni sawa. Ukichanganya, nati itajifunga vizuri kabisa huku kitundu kikitazamana na kitundu, yaani hakuna kinachogusana, au sindano ikigonga sindano mpaka moja ipinde. Kwa hiyo fungua antena ya zamani, nenda nayo dukani, linganisha kwa macho. Angalia pia masafa ya mawimbi: antena ya gigahezi 2.4 peke yake ukiifunga kwenye ruta inayorusha na gigahezi 5, masafa hayo ya pili yataharibika. Na kama ruta ina antena mbili au tatu, badilisha zote kwa aina moja.

Sasa zile namba za dBi. Antena haizalishi nguvu, inagawa ile ile iliyopewa na ruta. Antena ya kusimama ya dBi kubwa huyabana mawimbi yasiende juu wala chini ili yafike mbali kwa pembeni, kama chapati inayosukumwa: inavyopanuka ndivyo inavyokuwa nyembamba. Kwa nyumba ya chini iliyotanuka hilo ni jambo jema. Kwa nyumba ya ghorofa, aliye juu anaweza kupata mtandao hafifu kuliko mwanzo. Ukiwa na antena mbili, simamisha moja wima na nyingine ilaze kidogo.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Kutoka 5 dBi halisi kwenda 9 dBi halisi ni ongezeko la desibeli 4. Mahali pa wazi, umbali huongezeka kama mara moja na nusu. Lakini ukuta mmoja wa tofali za saruji za inchi sita unaweza kula desibeli 10, na kwenye gigahezi 5 hasara huzidi. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, tusizitaje. Halafu tumesema "halisi" kwa makusudi. Antena ya kuzungusha mawimbi pande zote yenye 12 dBi za kweli kwa gigahezi 2.4 hukaribia urefu wa mita moja au kuzidi. Ile ya sentimita 20 iliyoandikwa 12 imeandikwa tu. Tungependa wauzaji wataje kwenye tangazo aina ya kichwa, masafa, na dBi kwa kila masafa. Asiyeweza kuyataja hayo haijui bidhaa yake.

Jihadharini pia na waya wa kurefushia antena. Ule mwembamba wa RG174 hupoteza takriban desibeli 2 kwa kila mita kwenye gigahezi 2.4. Mita tatu ni desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu imeishia njiani, na antena mpya imekwisha kazi kabla haijaanza. Sogeza ruta, usirefushe waya.

Kusogeza huko hakuna gharama na mara nyingi hushinda antena. Weka ruta katikati ya nyumba, kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, mbali na friji, runinga, mlango wa chuma na tangi la maji. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameitumia kidogo, na upana wake uwe megahezi 20. Pakua programu ya kupima waifai kwenye simu ya Android, upime kila chumba kabla na baada. Namba itakayotokea ni nguvu ya mawimbi kwa dBm: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha video, hasi 80 inakatikakatika. Bila kupima, utasifia antena kwa kazi iliyofanywa na kuhamisha ruta.

Chumba kikibaki hasi 80 baada ya hayo yote, achana na antena. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, unaofika hadi mita 100, kutoka ruta ya kwanza hadi chumba hicho, ufunge huko ruta ya pili hata ya zamani. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani tofauti kama 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia). Wengi hukosea hapo mwisho. Wakati wa kununua waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukionyesha weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ukikunjwa na haifai kwa safari ndefu.

Mafundi wa mitandao ya majumbani,
Ilala, Dar es Salaam