Salamu za Idi kutoka Kibokoni, kwa mliomwita Ami na mliomwita Mjomba

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa mashemeji na mawifi zangu, kwa wanangu wote, kwa majirani wa Kibokoni na Kuze, na kwa wateja wa marehemu mume wangu, fundi kanzu, waliotawanyika kuanzia Likoni hadi Mtwapa: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu na visimamo vyetu, na atufikishe mwakani tukiwa wazima. Amin.

Salamu hizi mmezoea kuzipata kwa sauti yake. Kuandika kwa simu kulimshinda. Akisema vidole vyake vimezoea sindano, havijui kioo. Mwaka huu nazituma mimi, na nazituma kwa maandishi, kwa sababu kwa sauti sitafika mwisho. Tena nazituma mapema, kabla mwezi haujatafutwa, maana nina mambo ya kuwaomba na baadhi yake yataka muda.

La kwanza tulimalize upesi. Nimesikia mwaambiana kuwa mwaka huu nyumba yetu isiingiwe siku ya Idi, kwa kuwa nimekaa eda na si adabu kumpelekea mfiwa shangwe. Nia naijua ni njema. Lakini nawaomba msinifanyie hivyo. Mwenzangu alitutoka mwezi wa Rajabu. Aya ya 234 ya Sura ya Baqara imenipa miezi 4 na siku 10, nami naihesabu bila haraka. Itakwisha Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, Mungu akipenda. Mpaka hapo sipaki hina wala wanja, sijifukizi udi, sitii asumini kichwani, na nguo yangu ya Idi ni ile ile iliyofuliwa. Hayo ni yangu mimi. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto asile tambi nyumbani kwangu.

Basi wanawake njooni ndani kama siku zote. Watoto wadogo nao ndani. Wasichana, usiku wa mwezi kuandama njooni mpakane hina hapa hapa kwangu. Mimi sitapaka, lakini kutazama sikukatazwa. Nyinyi wavulana wakubwa, mliozoea kuingia mpaka jikoni mkafunua sufuria kabla ya kuamkia, mwaka huu mtaishia ukumbini. Nitawaitikia kutoka nyuma ya pazia, na sahani itawafuata huko. Msione nimekaza. Bibi yangu mimi alipokaa eda hata dirishani hakuonekana.

Ramadhani hii imekuwa na ukimya ambao sikuujua. Mnakumbuka kazi ya fundi kanzu ilivyo katika kumi la mwisho: wenziwe hutafuta Lailatul Qadri, na yeye hutafutwa. Akirudi Tarawehe hukaa kwenye cherehani yake ya miguu, pale dirishani panapotazama kichochoro, na hainuki mpaka daku. Jirani yetu wa ng'ambo hakuwa akiweka kengele ya simu. Cherehani ikinyamaza alijua fundi ameenda kula, naye huamka akala. Usiku wa kwanza wa Ramadhani hii jirani huyo alipitiwa na daku, akafunga bila kula. Asubuhi alinieleza kwa kucheka, kisha tukanyamaza sote wawili.

Mwezi nao ulimpa kazi maradufu. Mombasa yetu mnaijua: wako wanaofungua kwa mwezi ulioonekana popote duniani, na wako wanaongoja uonekane kwetu, Kadhi Mkuu atangaze. Katika ukoo wetu pande zote mbili zimo, na iko miaka ambayo biriani ya shemeji mmoja ilipita mlangoni kwa shemeji mwingine naye bado amefunga. Watu walibishana mpaka wakanuniana. Yeye akiulizwa, wewe fundi uko na mwezi gani, hujibu: "Mimi niko na mwezi wa mteja." Aliswali na watu wa Kadhi Mkuu, lakini kanzu za wale wa mwanzo hazikuchelewa hata mara moja. Nilimwona akizipiga pasi huku yeye mwenyewe ana saumu na wenyewe wako nje wanapiga takbira.

Kanzu za watoto ndizo alizozishona kwa raha yake. Kikwapa alikikata kipana kuliko desturi, kwa hoja kwamba mtoto siku ya Idi mkono hauinui kwa dua peke yake, huning'inia kwenye pembea. Upindo wa chini aliukunja kiganja kizima ili mwakani ufumuliwe, nguo iteremke. Mama mmoja alilalamika kwamba kanzu ya mwanawe nzito chini. Mwaka uliofuata alikuja kufumuliwa upindo, hakununua kitambaa, na malalamiko sikuyasikia tena.

Wengi wenu mlimjua zaidi Makadara, uwanjani kwenye pembea za Idi, kuliko dukani. Baada ya Asiri alikuwa hodari wa kuwakusanya, waliokula na wasiokula, mkaandamana naye. Mfukoni mwa koti alikuwa na sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha poplini, na uzi mweupe umezungushwa kwenye kijiti cha kiberiti. Mtoto akishuka pembea kanzu imeraruka ubavuni, huitwa: "Ndoo hapa. Simama, usitikisike, nisije nikakushona wewe na pembea." Akipiga magoti pale mchangani na koti lake jeupe, akitia mshono, na watoto wa watu asiowajua wakipanga foleni nyuma. Mabuyu na achari zilizonunuliwa siku hizo nadhani zilizidi faida ya Ramadhani nzima, nami nilimwambia. Alinijibu faida haivai kanzu. Sikumwelewa, na mpaka leo sijaelewa, lakini yeye alilicheka neno lake mwenyewe njia nzima mpaka ufuoni Mama Ngina tulipokwenda kula mihogo.

Mkono wa Idi aliutoa kinyume cha watu. Mdogo kabisa alipewa noti kubwa, na mkubwa alipewa ndogo. Wakubwa mlinung'unika, nasikia mngali mnanung'unika. Hoja yake ilikuwa kwamba mkubwa ana miguu ya kuzunguka nyumba zote za mtaa kuomba Idi yake, na mdogo hana ila mlango huu mmoja. Mwaka huu nitatoa mimi, kwa mpango huo huo, kwa hivyo mnaonyoa ndevu msije na matumaini makubwa.

Mungu hakutujaalia kuzaa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikilimeza neno hilo kila Idi, nikiona milango ya wengine. Baadaye ukumbi ulijaa nyinyi, kelele zikawa haziachi mtu akawaza. Yeye nilimwuliza siku moja kama linamuumiza. Alikuwa anapitisha uzi tunduni, akasema ngoja kwanza. Alipomaliza akasema: "Wa ndugu zangu waniita Ami, wa dada zangu waniita Mjomba. Huyo wa tatu angeniita nani?" Nikajua linamuumiza, na nikajua amelipatia mahali pa kukaa.

Jana nimepima mchele wa fitri. Miaka yote fitri yangu ilikuwa juu yake, na alipenda kuipima mwenyewe kwa kibaba cha zamani cha mamake, vibaba vinne pishi, ya kwangu kwanza kisha yake, na ziada juu ya kila pishi asije akapunja. Fitri humlazimu aliyelikuta jua la mwisho la Ramadhani likizama naye yu hai. Nyumba hii basi ina pishi moja. Nikapima: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Mkono ukaenda wenyewe ukachota cha tano. Sikukirudisha guniani. Nilikitimiza kwa vingine vitatu, na pishi hiyo imekwenda kwa mama mmoja wa Bondeni kuwa sadaka ya marehemu. Nawaomba nanyi, mkitoka kuswali Idi na mkipita Kikowani kuzuru makaburi, mumsomee. Mimi siko huru kwenda, na kaburi lake sijaliona. Mmoja wenu ameahidi kunieleza liko upande gani wa mti, ila kila mmoja anayekuja ananieleza mti wake.

Sasa la amana, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike refu.

Mirathi itafika kwa Kadhi kwa wakati wake, na kila mwenye fungu atapata fungu lake. Lakini aya ya 11 na ya 12 za Sura ya Nisaa zataka deni lilipwe ndipo watu wagawane, na vitambaa vya watu vilivyomo kabatini havimo katika mali yake hata kidogo. Ni vya watu. Mwezi wa Rajabu ni wakati mafundi huanza kupokea kazi za Idi, kwa hivyo kabati aliliacha limejaa: tetroni, poplini, melimeli moja nzuri sana, vingine vimeshakatwa badani na taharizi, vingine bado vimo katika karatasi ya dukani.

Daftari la vipimo aliliandika kwa harufi za Kiarabu, Kiswahili chake kilekile, kama babake alivyomfundisha. Ndiyo maana mlipolifungua mkashindwa. Tumekaa nalo jioni nyingi, mimi ndani na mpwawe mmoja ukumbini, mimi nikisoma kwa sauti naye akiandika upya kwa kalamu yake. Humo mmo nyinyi. Ukurasa wa mmoja wenu umeandikwa kifua 24, mkono 15, urefu 33, na pembeni: "Atarefuka, mama yake mrefu." Mwaka unaofuata urefu 37, na pembeni neno moja tu: "Nilisema." Aliyekuwa akiandika alinyamaza muda. Nikamwuliza umefika wapi. Akanijibu kwamba mtoto huyo ni yeye.

Wamo pia wanaodaiwa. Kuna aliyeandikwa "ameahidi mwisho wa mwezi", na mwezi wenyewe haukutajwa. Mjane asiye na mtoto hurithi robo. Katika madeni hayo robo yangu nimeisamehe, Mungu ni shahidi. Robo tatu si zangu kuzisamehe. Mnaojijua ongeeni na shemeji mkubwa, naye hana ukali mnaoudhania.

Vitambaa vilivyokwisha kukatwa vimeshonwa na fundi rafiki yake wa Kuze, ujira tumemlipa, na mwenye nguo hatadaiwa zaidi ya alivyopatana na marehemu. Ambavyo havijakatwa vitarudishwa kama vilivyo pamoja na malipo ya mbele mliyotoa. Duka litakuwa wazi kila siku baada ya Asiri mpaka usiku wa mwezi, na mpwawe atakuwepo na orodha. Njooni na karatasi mliyopewa. Aliyeipoteza ataje vipimo vyake, na akishindwa tutampima tuone kama yu yeye. Daftari lenyewe msiniombe. Hilo nabaki nalo.

Kofia za vito nilizoagizwa mimi zitachelewa, mniwie radhi. Ninazishona, maana kazi ya mkono haikuzuiliwa edani, ila macho yanachoka upesi siku hizi.

Siku ya Idi tambi na mahamri zitakuwa tayari watu wakirudi msikitini, na biriani adhuhuri. Wifi yangu ndiye mpishi, kwa hivyo pilipili itakuwa nyingi. Wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa pili nyote mna sahani, kila mtu kwa siku yake.

Limebaki moja. Kuna kanzu iliyokamilika kabisa, aliimaliza yeye mwenyewe, kaba yake ya hariri ya rangi ya maziwa, ya mtu mrefu mwembamba. Daftarini hana jina. Ameandikwa "yule wa feri" basi. Tumewauliza tunaowajua wanaovuka Likoni kila siku, na kila mmoja amesema si yeye, ingawa wawili walitamani. Kama wewe ulipimwa kanzu Kibokoni mwanzo wa Rajabu au kabla yake, na ukamweleza fundi habari za feri, njoo uivae tuone. Imeshalipiwa yote.

Wenu, mke wa Ami yenu, mkaza mjomba wenu,
Kibokoni, Mombasa