Mita inasoma sifuri, lakini transfoma ni nzima

Mteja karudisha transfoma ya antena, kile kipande kidogo kinachounga antena na kebo, mita mkononi. "Fundi, mmenipa mbovu, imepiga shoti." Kaipima mbele yetu: sifuri. Kapima antena: sifuri. Akageukia kebo iliyoandikwa omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani), mita haikusoma kitu. Kwake yeye tumemwibia mara tatu. Lalamiko hili halituishi, basi tulieleze.

Mita ya mkononi hupima kwa umeme wa betri. Antena ya dipoli, yaani ya miguu miwili, ikiwa ni ile iliyokunjwa ni fimbo moja isiyokatika, transfoma ni nyuzi zilizozungushiwa feraiti (kipande cha kauri chenye sifa za sumaku), lazima zote zisome sifuri au karibu na hapo. Kwenye kebo, waya wa kati haugusani na wavu wa nje, mita itasoma nini? Omu za mawimbi ni habari nyingine. Mawimbi ya megahezi 100 hurudia mzunguko wake mara milioni 100 kwa sekunde, na kinachoyakinza ni umbo: mkunjo wa fimbo, unene wa waya wa kati, nafasi kati yake na wavu, aina ya plastiki iliyojaa hapo. Ndiyo maana kebo ni omu 75 iwe na urefu wa mita 2 au mita 20.

Dipoli iliyonyooka ina omu kama 73, hiyo inaelewana na kebo. Iliyokunjwa inafika karibu 300, na kazi ya transfoma ni kuzishusha zilingane na 75 za kebo. Hapa ndipo watu hukwepa transfoma: mtu anachuna kebo, anasokota waya wa kati kwenye mguu mmoja wa antena na wavu kwenye mguu wa pili, anamalizia na solotepu nyeusi. Omu 300 kwa 75, uwiano wa 4 kwa 1 huo. Asilimia 36 ya nguvu ambayo antena ingeweza kutoa haiingii kwenye kebo, yaani desibeli 2 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka) zimepotea. Kituo chenye nguvu hakitakuonyesha tofauti, ndipo tunapoambiwa tunauza urembo.

Ila kuna kibaya zaidi ya hizo desibeli. Miguu miwili ya dipoli iko sawa kwa sawa, kebo haiko hivyo. Ukiziunga moja kwa moja, ngozi ya nje ya wavu nayo inageuka antena, inapita ndani ya nyumba ikizoa kelele za chaja na taa. Tuliwahi kuitwa mahali redio ilivuma kila taa ya sebuleni ilipowashwa. Mwenyewe alishanunua busta, kisha busta kubwa kuliko ile. Busta haichagui: inakuza kituo na kelele pamoja, nayo aliifunga nyuma ya redio, kelele zimeshaingia. Tulipofungua solotepu juu ya paa, wavu ulikuwa umeota kutu ya kijani, na kebo ilipokatwa ikadondosha maji. Kebo nzima ikatupwa. Tukaweka transfoma, busta zote mbili tukamrudishia. Jumlisha mwenyewe alichotumia ili asinunue kile kipande kidogo.

"Kidogo hivyo, mbona bei?" Kipande chenyewe si ghali. Unalipia fundi kupanda, kuchomea risasi kiungo badala ya kusokota, kukifunga maji yasiingie, na kupima akishamaliza. Asiyepanda juu atakutoza kidogo, hilo hatubishani naye.

Wala hatuuzi kwa kutisha watu. Redio ya kupokea ya omu 50 ukiiwekea kebo ya 75, nguvu inayorudi ilikotoka kwa omu kutolingana ni asilimia 4 tu, achana nayo. Masafa mafupi nako kelele za nje huwa zinaizidi kelele ya redio yenyewe, kwa hiyo kuhangaika na ulinganifu kamili hakukuongezei stesheni. Kwa redio za upepo, zile za kuzungumzia pande mbili, hatukubali mzaha: pale nguvu inayorudi inaishia kwenye transista za kurushia, nazo huungua.

Kabla hujaja kununua, usichune kebo. Piga picha kitako cha antena, pale waya unapofungwa. Ukiona skrubu mbili tupu kwenye antena iliyokunjwa, transfoma inahitajika. Ukiona soketi ya kebo, mara nyingi imeshawekwa ndani ya kiboksi, na kuongeza ya pili ni kuharibu. Hapo tutakuuzia plagi tu, tena kama ya kwako imechakaa.